Mashine ya Nukta au Laptopu ya Mtumba

Mliokuwa nami wiki jana mnakumbuka jinsi Pudensiana alivyotoka ofisini kwa meneja akipapasa ukuta. Aliyechelewa nitampa kwa ufupi, kisha tuendelee.

Pudensiana ni mzaliwa wa Mamba, kwa wakulima wa mpunga, na kwa miaka kadhaa sauti yake ndiyo iliyosoma habari za mchana katika redio moja ndogo ya hapa Mpanda. Presha ya macho ikamnyang'anya jicho la kulia, kisha ikarudi kuchukua la kushoto. Happiness, msichana anayefanya naye kazi, akawa anakaa kando yake studio na kumnong'oneza habari sentensi kwa sentensi, naye anazirudia kwenye maikrofoni. Wasikilizaji hawakujua kitu. Meneja alipojua, ndipo akamwita.

Meneja huyo, Methusela, hakuwa mtu mbaya. Pudensiana mwenyewe analisema hilo mpaka leo. Alimweleza kwa upole kwamba redio haina uwezo wa kuweka watu wawili kwenye kiti kimoja. Akampa wiki mbili za kujipanga. Ijumaa ya mwisho asome taarifa ya mchana peke yake, mwanzo hadi mwisho, bila mtu kando. Akiweza, kiti ni chake. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa Happiness, na yeye atatafutiwa kazi nyingine ya kumfaa.

Maneno hayo, ya kumfaa, ndiyo yaliyomchoma njia nzima mpaka nyumbani Shanwe.

"Kazi ya kunifaa," alimwambia mumewe. "Kana kwamba hii nilikuwa nimeiazima."

Mumewe ni Ndaki, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe yeye akiwa bado mgongoni. Si msemaji. Alikuwa anamvua mtoto wao Mariana sare za shule, akaendelea kumvua mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Mama Mariana, twende tukaione ile mashine ya Sista."

Sista aliyemtaja ni Sista Imakulata. Yeye ndiye aliyekuwa akimfundisha Pudensiana nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, tangu jicho la pili lilipoanza kufifia. Alikuwa amewagusia habari za kompyuta ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona tu. Siku hizo mwalimu mmoja aliyekuwa safarini alikuwa amefikia kwa masista akiwa nayo, na alikubali waiguse.

Kilikuwa kitu cha ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani, kizito kidogo, hakina kioo. Mbele yake kulikuwa na mstari mmoja laini. Mwalimu akabonyeza kitufe, na chini ya vidole vya Pudensiana nukta zikainuka kama vipele vya baridi. Akazipapasa. Zikashuka, zikainuka nyingine.

"Zinasemaje?" Ndaki aliuliza.

Ukiacha mazoezi ya Sista, tangu macho yaende hakuna neno la maandishi lililokuwa limemfikia bila kupitia mdomo wa mtu mwingine. "Zinasema Mpanda," alisema.

Ndaki hakuhitaji kuona zaidi ya hapo. Pale pale aliuliza bei.

Mwalimu akaitaja. Ukiigeuza kuwa ng'ombe, ilikuwa sehemu kubwa ya zizi. Tena kwa kawaida huagizwa kutoka nje ya nchi kupitia Dar es Salaam, na mwalimu hakuficha kwamba ina udhaifu wake. Vumbi likiingia, nukta inakwama. Nukta ikikwama, hakuna fundi wa kuifungua hapa wala mikoa ya jirani, inarudi ilikotoka na unakaa bila kitu miezi. Lakini alisema kuwa kuna muuzaji Dar mwenye moja dukani, na kwamba ikilipwa mapema ingewahi kufika kabla ya Ijumaa ile.

Kisha akamwambia Pudensiana ajaribu kusoma habari nzima.

Hapo ndipo moyo ulipomshuka. Alikuwa mwanafunzi wa nukta bado. Neno moja alilipata, la pili akalipata, la tatu akarudi nyuma kulitafuta. Habari ambayo zamani angeimaliza kwa pumzi chache ilimchukua muda mpaka Mariana, aliyekuwa mapajani kwa baba yake, akasinzia.

"Utazoea," Sista Imakulata alimwambia. "Vidole vinajifunza kama macho yalivyojifunza."

"Kwa wiki mbili, Sista?"

Sista hakusema uongo. Akamrudisha kidole mwanzo wa mstari.

Hata hivyo Ndaki alipanda basi asubuhi yake kwenda kwa baba yake upande wa Mpimbwe, kuomba ng'ombe watengwe. Alisema kusoma haraka kutakuja, mashine ndiyo ianze kuja.

Basi lilikuwa halijafika hata nusu ya njia, Selestine akaingia uani.

Selestine ni mdogo wake wa kiume Pudensiana, wanafuatana. Ana kibanda pale Shanwe, anauza na kutengeneza kompyuta za mtumba, zile ambazo maofisi ya Ulaya yamezichoka. Alikuwa amesikia habari ya ng'ombe kwa watu, si kwa dada yake, na hilo peke yake lilimkera. Aliweka kitu mezani kwa kishindo.

"Gusa," alisema.

Pudensiana akagusa. Laptopu nene ya zamani, pembe moja imebonyea, kibodi imelainika kwa vidole vya watu asiowajua.

Selestine aliiwasha, akaingiza programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Sauti ikatoka, ya mwanamume, kavu kama ya mtu mwenye mafua. Mara ya kwanza ilisoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, na ilipofika kwenye "wananchi wa Mpimbwe" Pudensiana alicheka kwa mara ya kwanza tangu atoke ofisini kwa meneja. Selestine akabadilisha jambo mahali fulani, na sauti ikaanza kusoma Kiswahili cha kueleweka. Hakikuwa kitamu, lakini kilieleweka.

Alimweleza mpango. Atavaa hedifoni sikio moja, mashine imsomee, naye arudie kama alivyokuwa akirudia maneno ya Happiness. Kazi ile ile aliyoizoea, ila aliye kando ni mashine, na mashine meneja hawezi kusema ni mtu wa pili.

"Na ile ya nukta?" Pudensiana aliuliza.

"Dada, ile ni nzuri, sikatai. Lakini ile inajua kazi moja. Hii inaandika, inatuma ujumbe, inasoma mtandao, inasoma kila kitu. Ikiharibika niko hapa hapa. Ile ikikwama nukta utampelekea nani, fundi baiskeli?"

"Umeijaribu vizuri?"

"Nimeijaribu."

"Na betri?"

"Betri iko fresh. Inasoma mia."

Bei yake haikufika hata ng'ombe mmoja. Ilikuwa ya mbuzi wachache, na Selestine hata hiyo hakuitaka.

Siku mbili Pudensiana hakuiachia ile laptopu. Alipika amevaa hedifoni, alifua amevaa hedifoni. Mwanzoni maneno yake na ya mashine yaligongana kichwani, akawa anameza silabi. Kisha yakaanza kupishana. Mashine inatangulia maneno matatu manne, yeye anafuata nyuma yake, bila kukanyaga. Alipomwita Happiness aje amsikilize, Happiness alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwamba angekuwa nje asingejua kuna mashine.

Sista Imakulata alipopitishiwa habari hiyo alifurahi, ila akasema jambo moja. Alisema kwenye nukta neno linabaki chini ya kidole mpaka msomaji aliachie mwenyewe, anaweza kurudi nyuma akahakikisha. Sauti ikishapita imepita. Alimwomba alifikirie hilo kabla ya kuamua.

Pudensiana alilifikiria. Alifikiria pia vidole vyake vinavyotambaa kama konokono, na Ijumaa inayokuja, na shemeji zake kule Mpimbwe ambao lazima walikuwa wanauliza kwa nini zizi lipungue kwa ajili ya mke wa Ndaki. Akampigia mumewe.

Ndaki alikuwa zizini. Mnunuzi alikuwa amesimama pembeni, ng'ombe wameshatengwa. Baba yake alikuwa amekubali baada ya maneno mengi, na kaka zake walikuwa wamekubali kwa kunyamaza tu.

"Usiuze," Pudensiana alimwambia.

Zikasikika kwato na mtu akipiga mluzi.

"Umeamua, Mama Mariana?"

"Nimeamua. Nitatumia ile ya Selestine."

"Ulisema zinasema Mpanda," Ndaki alisema. Akakata simu, akawaambia watu wawarudishe ng'ombe.

Aliporudi hakununa, wala hakuuliza. Ila Pudensiana aliona, au tuseme alisikia, kwamba mumewe alikuwa akipita karibu na ile laptopu kama mtu anayempisha mgeni asiyemtaka.

Ijumaa ikafika.

Ndaki alimshika mkono mpaka mlangoni mwa redio, akamwachia, akarudi nyumbani kusikiliza na mtoto. Selestine alikuja kufunga mashine mezani, akachomeka chaji ukutani, akajaribu hedifoni, akatoka kukaa kwenye benchi la nje.

Asubuhi hiyo habari kubwa ilikuwa ya ziwani. Mtumbwi wa wavuvi watano wa Kapalamsenga ulikuwa umepinduliwa na upepo, na mtumbwi mwingine ulikuwa umewaokota wanne. Mmoja alikuwa hajaonekana. Majina ya waliookolewa yalikuwa yamepatikana kwa simu, na kule kijijini mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo kila mtu alikuwa akingoja redio. Methusela alisema majina yasomwe, yasomwe yote, yasomwe taratibu.

Pudensiana aliisikiliza taarifa nzima mara mbili kupitia mashine. Isidori, Celestin, Libérat, Zablon. Aliyekuwa hajaonekana ni Bartolomeo. Aliyakariri bila kukusudia, kama ilivyo kwa mtu anayeishi kwa masikio.

Karibu na muda wa kuingia hewani Happiness alikuja mbio na flashi. Alisema amerekebisha kidogo ile ya ziwani, mwandishi wao amepiga tena. Pudensiana akaingiza flashi, akafungua taarifa mpya, akasikiliza sentensi ya kwanza kuhakikisha imefunguka. Alitaka kuisikiliza yote. Lakini mlio wa kuingia hewani ulikuwa umeshaanza.

Happiness akatoka, akafunga mlango, akakaa upande wa pili wa kioo kwenye mikseri.

Taarifa ikaanza.

Ya kwanza ilikuwa ya bei ya mahindi, ikapita. Ya pili ya barabara, ikapita. Pudensiana alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ile ile ya zamani, imetulia, na ile sauti ya mafua ikimtangulia sikioni kama mtu anayemshika mkono kuvuka mfereji. Kwa muda mfupi alisahau kabisa kwamba haoni.

Ikaja ya ziwani.

"Waliookolewa," alisoma, "ni Isidori, Celestin..."

Umeme ukakatika.

Alijua kwa sababu feni ilisimama. Hakushtuka, maana studio ina sola, maikrofoni na mnara haviathiriki, na laptopu ina betri. Inasoma mia.

Laptopu ilitoa mlio mmoja mfupi, na sikio lake likawa tupu.

Alibonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza kingine. Kimya. Maikrofoni ilikuwa wazi na Katavi nzima ilikuwa inasikiliza pumzi zake.

Nisimame hapa kidogo niwaambie lililokuwa upande wa pili wa kioo, kwa sababu Pudensiana hakulijua mpaka baadaye. Waya wa sola wa kwenye mikseri ulikuwa umelegea. Happiness alikuwa amepiga magoti chini ya meza ameushikilia kwa mkono mmoja. Angeuachia, redio nzima ingezimika, na mkono wa pili uliweza kufika kwenye kioo tu.

Pudensiana aliwaza haya, na amenieleza kama yalivyokuwa. Aliwaza kuna mama kule amesikia majina mawili na la mwanawe halimo. Kila sekunde anayonyamaza, mama huyo anamzika mtoto. Na yeye majina anayo. Aliyasikia mara mbili.

Kioo kikagongwa.

Aliielewa ishara hiyo kama mtangazaji yeyote angeielewa. Endelea.

"...Libérat," alisema, "na Zablon. Mmoja bado anatafutwa, naye ni Bartolomeo."

Kioo kikagongwa tena, kwa nguvu, mara nyingi. Akadhani wanamhimiza. Habari zilizobaki alizisema kwa kichwa, kwa kifupi, bila kusita, akataja jina la redio, akawaaga wasikilizaji kama alivyowaaga kila siku. Muziki ukaingia.

Alikaa mikono mezani.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Methusela. Alikuwa ofisini kwake anasikiliza redio kama watu wengine, na alipoona umeme umekatika alikuwa na hakika yamekwisha. Sasa alikuwa anahema. Alimshika Pudensiana bega.

"Mashine ilizima?"

"Ilizima, bosi."

"Na ukamaliza." Akamwachia bega. "Puden, kiti ni chako. Sitaki mazungumzo mengine."

Pudensiana anasema jambo la kwanza alilofanya kwa furaha ile ni kuchomoa hedifoni sikioni. Alimfikiria Ndaki, amekaa na mtoto mbele ya redio, na akawaza jinsi atakavyomwambia kwamba uamuzi ule haukuwa mbaya.

Hapo ndipo Happiness alipoingia. Alikuwa ameuachia waya baada ya mtu kuja kuushika. Alisimama mlangoni bila kusogea.

"Dada Puden," alisema, "hukusikia nilivyogonga?"

"Nilisikia. Ndiyo nikaendelea."

"Nilikuwa nakuzuia."

Methusela akauliza kumzuia nini. Happiness akajibu taratibu, kama mtu anayepima kila neno. Mwandishi wao alikosea asubuhi. Aliyeokotwa ni Bartolomeo. Zablon ndiye hajaonekana. Hayo ndiyo marekebisho aliyoyaleta kwenye flashi.

Muziki ulikuwa bado unapigwa kwenye spika ya ukutani, wimbo wa harusi.

Pudensiana akainuka. Hakuomba mkono wa mtu. Alifuata ukuta mpaka nje, akaita jina la mdogo wake, na Selestine akainuka kwenye benchi.

Alikuwa amesikia yote hewani ila hakujua kuna kosa. Alianza kumpongeza. Pudensiana akamkatiza.

"Betri ilikuwaje?"

"Ilisoma mia, dada. Hizi za mtumba wakati mwingine zinasoma mia na ndani..."

"Ulijua?"

Selestine akageuza uso, akaongea kuelekea barabarani. Dada yake aliisikia sauti ikimwacha.

"Ilizima mara moja," alisema. "Nilipokuwa naijaribu kibandani. Nikaiwasha ikawaka. Nikasema utakuwa umechomeka ukutani muda wote."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungengoja ile ya ng'ombe."

"Na ningengoja, ingekuwa nini?"

"Walishatoa ng'ombe kukuoa," alisema. "Wangetoa tena wakununulie macho. Kila siku ungesikia wamekununua mara mbili. Sikutaka usikie hivyo. Nilitaka kitu kitoke kwetu."

Pudensiana alitaka kumpiga, na alitaka kumshika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimweleza kwa maneno machache kilichotokea kwa sababu ya ile mara moja aliyoificha, kisha akageuka kurudi ndani, akamwacha amesimama pale pale.

Ndani Methusela alikuwa ameshaamua. Umeme ulikuwa haujarudi lakini sola ilikuwa imeshika. Wimbo ukiisha, Happiness aingie asome marekebisho, mafupi, na aombe radhi.

"Nitasoma mimi," Pudensiana alisema.

Methusela akamwambia aende akapumzike, hapo alipo hata sauti hana.

"Bosi, waliambiwa na sauti yangu. Wakisikia ya mtu mwingine watasema ni uvumi, redio haijui inachosema. Yule mama hataamini mpaka nimwambie mimi."

Methusela akauliza atasoma kwa kutumia nini.

"Maneno mawili sihitaji kusomewa."

Happiness alimshika kiwiko. Walikuwa wameanza kutembea kuelekea studio, wimbo umebakiza kiitikio cha mwisho, simu ya studio ikaanza kuita. Ni ile namba ambayo wasikilizaji wote wanaijua. Happiness akaitazama, akasema namba haina jina. Methusela akasema iachwe. Pudensiana akanyoosha kiganja, na Happiness akamwekea simu.

Sauti ilikuwa ya mwanamke wa makamo, iko mbali, inaingia na kutoka kwa sababu ya mtandao. Alisema anaitwa Agatha, anapiga kutoka Kapalamsenga. Aliuliza kama anaongea na yule dada aliyesoma habari.

"Ni mimi, mama."

"Nimekutambua," Agatha alisema. "Mimi ni mama yake Zablon."

Pudensiana akaegemea ukuta.

Agatha alikuwa anaongea haraka, kama mtu ambaye siku nzima hakuongea. Alisema tangu alfajiri amekaa ufukweni na wenzake, na wengine walishaanza kumfariji akawakatalia. Alisema redio ilipomtaja Zablon alianguka chini, si kwa huzuni. Sasa kuna kijana amempandisha pikipiki, amemtuma na shuka na nguo kavu za mwanawe aende alikopelekwa na wale waliomwokoa, maana atakuwa ameloa na hapendi baridi tangu utotoni.

"Mama," Pudensiana alisema.

"Ngoja, mwanangu. Hapa kuna watu wanasema nilisikia vibaya. Hata mama yake Bartolomeo yuko hapa, amekaa tu, haongei. Nimewaambia nitakupigia wewe mwenyewe, uyasome tena wasikie kwa masikio yao. Nimeshaweka spika."

Happiness alimbonyeza mkono. Wimbo ulikuwa umekwisha, na nyuma ya kioo mtu alikuwa ameshawasha taa ya kuingia hewani.

Upande wa pili wa simu, Pudensiana alisikia kelele za watu zikipungua. Mtu akamnyamazisha mtoto. Maji yakasikika yakipiga kando ya mitumbwi, halafu hata hayo kama yakasogea mbali, na Kapalamsenga nzima ikakaa kimya ikimngoja asome.